Kupita Dagoni Bila Kusimama

Bosi Gervas aliponiambia tuache kusimama dagoni, nilijibu, "Sawa, bosi," nikaendelea kufuta mdomo wa tangi la mafuta. Tulikuwa gatini Nyamisati, maji yamejaa, wageni wanateremka kwenye gari lililotoka Kibiti. Ningeweza kumwambia, "Hilo hapana, pale anakaa mjomba wangu." Bosi alikuwa mtu wa kusikiliza na nadhani angekubali. Sikusema. Nimestaafu mwaka huu, na katika yote niliyoyakubali nikiwa kazini, hilo ndilo ningelikataa.

Ninyi mnaoshika usukani sasa mmeniomba niandike kazi tuliifanyaje. Vyeo na mshahara nitaviruka. Cheo kilikuwa kimoja, na mshahara mnaujua, maana haujabadilika sana.

Nilimaliza kidato cha nne nikarudi kwetu Kiongoroni na cheti ambacho hakuna aliyekiulizia. Wasiofika huko wajue kwamba hakuna barabara. Kijiji kipo ndani ya delta, karibu na bahari, na kila kinachoingia, kuanzia saruji hadi bibi harusi, kinaingia kwa chombo. Baba alikufa nikiwa mdogo. Aliyenilea ni Mkumba, kaka wa mama yangu. Mimi nilimwita mjomba, naye aliniita mjomba, kama ilivyo desturi yetu. Alikuwa na mashua ya mbao yenye injini kuukuu katikati, akibeba boriti za mikoko na abiria wenye haraka ndogo.

Siku ya kwanza alinipa upo, kile chombo cha kukumbia maji yanayoingia ndani ya mashua.

"Kidato cha nne walikufundisha kukumba maji?" aliniuliza.

"Hapana, mjomba."

"Basi hiki ndicho cha tano. Inama."

Nilikumba maji mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Abiria mmoja, mama mwenye tenga la kuku, akasema, "Mkumba, msomi wako anakufa." Mjomba akajibu kwamba wasomi hawafi upesi, wanalalamika tu. Sikulalamika tena safari ile.

Baada ya upo nikapewa pondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo na kupimia kina. Nawaandikia haya kwa sababu naona siku hizi pondo linabebwa kama pambo. Pondo linazungumza na kiganja. Ukilishusha kwenye tope linazama taratibu na kutoka likiwa limeng'ang'aniwa. Kwenye mchanga linagonga na kurudi. Tope ni rafiki, maana ukikwama unasubiri maji yajae, unatoka. Mchanga wa mlangoni, mto unapomwaga baharini, si rafiki wa mtu. Unahama kila masika, na mawimbi yakikukuta juu yake yanakupiga ubavuni. La viboko pia alinifundisha. Kwenye kona nyembamba asubuhi, punguza mwendo, gonga ubavu wa chombo wakusikie. Kiboko hapendi kushtukizwa, kama mama mkwe.

Nje ya Kiongoroni, kwenye ulimi wa mchanga unaotazama mlango wa bahari, palikuwa na dago. Dago ni kambi ya wavuvi: vibanda vya makuti, vichanja vya kuanikia samaki, nyavu, watu wanaokaa msimu na wachache wasioondoka kabisa. Maji ya kunywa hakuna. Ukichimba kisima unapata chumvi. Kwa hiyo kila chombo kilichotoka ndani ya mto kilibeba madumu ya maji matamu, kikasimama, kikashusha. Nao wa dagoni waliwapa wenye vyombo habari: fungu la mchanga limesogea wapi, wimbi linavunjika upande gani, nani amepita, nani anaumwa, nani amefariki. Hayakuuzwa maji, wala haikuuzwa habari. Chombo kilichopita bila kusimama kilitazamwa mpaka kipotee, na jioni watu wakaulizana wenye chombo wamepatwa na nini.

"Usipite dagoni kama mtu anayefukuzwa," mjomba aliniambia. "Na kama kweli unafukuzwa, simama useme ni nani."

Nilifanya kazi kwenye mashua ile mpaka macho ya mjomba yalipoanza kufifia. Alikataa kwenda hospitali, kisha akakubali, kisha akaambiwa amechelewa. Akauza mashua, akahamia dagoni. Mkewe alikuwa amekwisha kufariki, na binti yake, Mwanahawa, alikuwa ameolewa Umwe, huko juu kwenye mashamba. Alimsihi baba yake aende kukaa kwake. Mzee akasema atakwenda siku bahari itakapofika Umwe. Dagoni alisuka nyavu kwa kupapasa, na kwa kuwa wavuvi walimweleza kila walichokiona mlangoni, yeye ndiye akawa mtoa habari. Alizijua injini kwa mlio. Hujafika, anakutaja jina. Kuona kulikuwa kumekwisha, mashua imekwisha, mke amekwisha. Alichobakiza ni vyombo kusimama mbele yake na watu kumuuliza.

Ndipo mimi nikachukuliwa na Bosi Gervas. Alikuwa mtu wa bara aliyefika Kibiti kuuza mabati na misumari, akajenga nyumba ya wageni, kisha akanunua boti ya faiba nyeupe yenye kivuli cha turubai na injini mbili nyuma. Hakujua kuogelea. Alikuwa akivaa jaketi la kuokolea gatini, kabla hajapanda, na hakuona haya. Nilimheshimu kwa hilo. Msaidizi wangu alikuwa Seifu, mtu mzima mwenzangu wa Kiongoroni, fundi wa injini mwenye mdomo.

Safari yetu ilikuwa hii. Tunawachukua wageni Nyamisati, tunapita nao katikati ya mikoko waone ndege na viboko, tunatoka mlangoni kupitia dagoni, tunavuka hadi Kilindoni kisiwani Mafia, tunatembea mjini, tunalala, tunarudi. Wageni walikuwa wa kila namna: wazungu, familia za Dar es Salaam, walimu na waganga wa Kibiti waliochanga. Safari ya kwanza tulikuwa na mama mmoja wa Iringa ambaye hakuwahi kuona maji yasiyo na ng'ambo. Tulipotoka mlangoni na wimbi la kwanza likatuinua, aliuliza kwa utulivu, "Baba, hili limekusudiwa?" Alitapika mpaka Kilindoni, akala pweza sahani nzima, na kesho yake akapanda ndege kurudi. Alinipa mkono akaniambia hana neno na mimi, ana neno na bahari.

Kuhusu Kilindoni, nawapa ushauri mmoja. Msiwashushe wageni na kuwakimbiza kutazama. Mgeni aliyevuka maji yale miguu yake bado inacheza. Mkalishe kwanza palipo na kivuli, anywe chai, ale chapati. Akiona watu nao watamwona, na mji ukishamzoea atatembea kwa raha: bandarini kwenye majahazi yanayopakia nazi, sokoni, kwenye maduka ya barabara inayopanda, mpaka kwa mafundi seremala wanaopigilia pamba kwenye nyufa za mashua. Wengi walikuja wakitafuta mji wa kwenye picha. Kilindoni ni mji wa kazi. Mgeni mmoja alimlenga kamera muuza pweza bila kumsalimia. Muuzaji akaniambia, "Kapteni, mfahamishe mgeni wako. Kinachouzwa ni pweza. Sura hii ina mwenyewe, yuko nyumbani." Nilipomfasiria, mgeni akaomba radhi, akanunua pweza ambaye hakujua atampikaje. Seifu alimpika.

Kesi ngumu tulizipata pia. Siku moja katikati ya mkondo injini zote mbili zilikohoa zikanyamaza, upepo wa kusi umeamka na wageni wanane ndani. Kazi ya kwanza ya nahodha siku hiyo ni uso wake. Nilishusha nanga ya kuburura ili pua ikae kwenye wimbi, nikawagawia wageni biskuti kana kwamba ndiyo ratiba.

"Maji yameingia kwenye mafuta," Seifu alisema chinichini.

"Umejuaje?"

"Nimeonja."

"Na?"

"Wewe endelea na biskuti."

Alimwaga vikombe vya chujio, akakausha kwa shati lake, akafunga, akavuta kamba mpaka mikono ikachubuka. Ikawaka moja. Tulifika Kilindoni kwa injini moja, mgeni mmoja akisifu mapumziko ya baharini. Tangu hapo sikuruhusu mafuta yaingie tangini bila kuchujwa kwa kitambaa, hata yatoke kituo gani.

Katika miaka hiyo yote tulisimama dagoni. Nilishusha madumu, mjomba akaniambia mlango ukoje, akawauliza wageni wanatoka wapi, na mimi nikafasiri. Walimpenda. Si wote. Familia moja ya Dar ililalamika kwa bosi: harufu ya samaki wa kuanika, inzi, na zaidi ya hapo muda, kwani tulisimama muda mrefu tukakuta maji yamekupwa, ikabidi washuke Kilindoni wakitembea kwenye tope. La muda walikuwa na haki. Mazungumzo ya mjomba hayakuwa na breki.

Wakati huohuo bosi alikuwa amefunga kile kioo cha ramani ambacho ninyi mmekikuta. Najua mnangoja niseme kioo kilinidanganya. Hakikunidanganya. Nilikitumia pamoja na pondo na macho, na sikuwahi kupanda fungu. Kwa upande wa uongozaji, dago lilikuwa limekwisha kazi. Bosi aliposema, "Naona sasa hatulazimiki kusimama pale, maji yao tunaweza kuwapa boti ya samaki iwapelekee," alisema jambo lililonyooka. Hakujua pale pana nini kingine. Mimi nilijua, nikasema sawa.

Kwa nini? Nimejiuliza sana na jibu si kubwa. Nilikuwa nimechoka kufasiri. Nilikuwa na sare nyeupe, na kila nikishuka dagoni ilirudi ina magamba. Na mjomba alikuwa na tabia ya kuwaeleza wageni nilivyokuwa nikilia kwa upo.

Mara ya kwanza kupita nilipunguza mwendo nikapunga mkono, kisha nikakumbuka kwamba haoni. Alikuwa amesimama mchangani. Alikuwa ameisikia injini, ametoka, ameshika kitambaa juu akikizungusha, akielekeza uso mahali tulipokuwa sekunde chache nyuma. Mgeni mmoja mwanamke akaniuliza, "Yule mzee anatuita?"

"Ni wavuvi tu, wanatusalimu," nikasema.

Seifu alikuwa nyuma yangu. Alishughulika na injini mpaka Kilindoni. Tulipofunga kamba akaniambia, "Wavuvi tu, ee?"

"Ningesemaje mbele ya wageni?"

"Ungesema mjomba. Ni neno fupi kuliko hilo."

Maji niliyakabidhi boti ya samaki. Mwanzoni niliuliza kama yamefika. Baadaye nikaacha kuuliza. Boti ya samaki nayo ikabadilisha njia, nikaambiwa, nikasema nitatafuta nyingine. Bado nilikuwa naitafuta, kwa maneno, hata msimu ulipokwisha.

Nilipopata likizo niliazima ngalawa nikaenda dagoni peke yangu. Nilibeba maji, sukari, mchele na kikoi kwa ajili yake. Sikwenda na injini, kwa hiyo hakujua ni mimi mpaka nilipotoa salamu.

"Shikamoo, mjomba."

Mikono yake ilisimama kwenye wavu. "Marahaba, kapteni. Karibu. Jamani, mkeka wa mgeni."

Mkeka wa mgeni. Zamani nilikuwa nikilala kwenye kibanda kile juu ya magunia. Akaagiza nipewe chai, akauliza hali ya bosi, akauliza hali ya wageni, akauliza hali ya injini zote mbili. Kila nilichojibu alisema, "Alhamdulillahi." Hakunipa habari yoyote ya mlango. Mvuvi mmoja alipoanza kunieleza kwamba fungu la kusini limekatika, mjomba alimkatiza: "Usimchoshe kapteni, ana kioo."

Nikaona niseme. "Mjomba, nimekosa. Lile neno nililolisema botini, najua Seifu ameshakuambia."

"Kaniambia. Umesema sisi wavuvi. Sasa uongo uko wapi? Tazama, huu si wavu?"

"Si hivyo, mjomba."

"Mie sina neno nawe, kapteni. Boti si yako."

"Nitamwambia bosi. Nitaanza kusimama tena."

"La, la. Usijisumbue kwa ajili yangu. Wageni wako wana haraka. Sie tuko hapa hapa, hatuendi popote."

Vijana mliotoka bara huenda msione kosa langu hapo, kwa hiyo nalieleza. Kwetu mzee hasemi "njoo." Anasema "usijisumbue," na wewe unajisumbua. Ukimletea kitu anakataa mara ya kwanza na ya pili, nawe unasisitiza mpaka apokee, na katika kule kusisitiza ndimo heshima ilimo. Mtoto wa Kiongoroni anajua hili kabla hajajua kuogelea. Mimi nililijua. Lakini siku ile nililichukua neno lake kama mtu wa ofisini anavyochukua jibu, kwa sababu lilinifaa. Amesema nisijisumbue, basi. Nikanywa chai, nikaaga, nikarudi na ngalawa nikiwa nimepumua.

Tuliendelea kupita. Kitambaa hakikuinuliwa tena. Misimu ikapita, injini zikabadilishwa, turubai likabadilishwa. Seifu aliacha kazi akaenda kufungua karakana ya pikipiki Kibiti. Alisema pikipiki zikizimika unashuka unasukuma. Niliona vibanda vya dagoni vikipungua kila mwaka, vinne, viwili, kisha vichanja vitupu. Vyombo vyote vilikuwa vimeacha kusimama. Nilijiambia kwamba wavuvi wamehama kwa sababu samaki wamehama. Mjomba nilimdhania yuko Kiongoroni, na Kiongoroni sikwenda, nikingoja siku nitakayokuwa na nafasi ya kukaa vizuri.

Siku moja boti ilikuwa matengenezoni nikapita karakanani kwa Seifu. Tulicheka kuhusu biskuti. Nikamwambia nataka mwezi ujao twende wote Kiongoroni tukamwone mjomba.

Seifu aliweka spana chini. "Mjomba yupi?"

"Mkumba. Nina wajomba wangapi?"

Akajifuta mikono. "Tumemzika, bwana. Umwe. Mwanahawa alikuja kumchukua tangu vibanda vilipoisha. Arobaini yake tumeisoma mwezi uliopita." Kisha akasema, bila ukali, "Mie nilidhani unazo habari, umeamua tu kutokuja."

Kwa wasiojua: kwetu msiba hauna kadi. Mtu akifariki, habari inatoka mdomo kwa mdomo, na inamfikia hata mliyegombana naye, hata mdaiwa, hata mlevi. Kiongoroni nzima ilikuwa na namba yangu ya simu. Seifu aliambiwa na watu watatu siku ileile. Hakuna aliyenificha, nimeuliza. Kila mmoja alidhani mwingine ameniambia, au hakufikiria kabisa kwamba mimi ni wa kuambiwa.

Kesho yake nilikwenda Umwe. Mwanahawa alinipokea vizuri, akanikatia muwa, akanipeleka kaburini, kwenye mikorosho nyuma ya shamba. Udongo ulikuwa umeshakaa. Nikasoma nilichoweza kusoma. Tuliporudi barazani nikamuuliza nililokuwa naliogopa.

"Alikuwa na neno na mimi?"

"Hakuwa nalo," akasema. "Hakukusema kwa ubaya hata siku moja, kaka."

"Alisemaje, basi?"

Alifikiri, kwa uaminifu, kama mtu anayetafuta kitu chumbani ili ampe mgeni. "Hakukutaja," akasema. "Kwa miaka yote aliyokaa hapa. Mwanzo nilikuwa nakutaja mimi. Akawa hajibu, nikaacha."

Alinieleza siku za mwisho zilivyokuwa. Alikuwa akikaa barazani, na malori yalipopita barabarani alitaja aina ya injini, akipatia mara nyingi. Majirani walimpenda. Jirani mmoja, mkulima wa mahindi asiye ndugu, ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea.

Bosi Gervas hakuniharibia maisha, na kazi ilinilisha vizuri. Sikuzamisha chombo wala kupoteza mgeni. Kukubali kule gatini, na kukubali tena pale mkekani, kulinigharimu mtu aliyenilea. Aliishi miaka yake ya mwisho bila mimi, akanitoa katika hesabu ya watu wake. Nafasi ya kumshusha kaburini ilikuwa yangu, na nilipokuwa wa kuitwa, hakuna aliyekumbuka kuniita.